Dispensa inatoa maji vuguvugu: ni stima, koili au nini?

Haya wasomaji, leo tuweke kando programu na seva, tuzungumzie maji ya moto. Msikimbie, hesabu zimo.

Dada yangu anakaa Ramisi, ukishapita Msambweni kuelekea Lunga Lunga, pale palipokuwa na kile kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988. Ana mtoto wa miezi minne. Amesharudi kazini, kwa hiyo mchana mtoto anakaa na nyanya yake na anapewa maziwa ya unga. Nyumbani wana dispensa, ile ya kusimama: chupa kubwa kichwani, mfereji wa baridi na wa moto, na kifriji kidogo tumboni. Nilipofika wiki iliyopita nyanya mtu akaniambia, "Mwanangu, wewe si fundi wa mashine? Kitu hiki siku hizi hakichemshi. Maziwa yanafanya madonge."

(Kwa familia zetu, ukijua kompyuta unajua na friji, pasi na redio. Nimeshazoea.)

Madonge si neno. Kilichonishtua ni kitu kingine. Unga wa maziwa ya mtoto, hata mkebe ukiwa mpya, haukosi kuweza kubeba vijidudu, kimojawapo kinaitwa Cronobacter. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unataka unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70. Je, mfereji mwekundu ulikuwa unatoa nyuzi ngapi? Hakuna aliyejua. Kila mtu nyumbani alisema "ni moto kidogo". Mimi nina kipima joto cha jikoni: kikombe cha kwanza 61, cha pili baada ya nusu saa 58, cha tatu 62. Kote chini ya 70.

Shemeji akasema ni stima, na hakuwa amekosea sana. Nilichomeka mita kwenye soketi: mchana volti 236, saa mbili usiku 192. Stima yetu inatakiwa iwe 240. Koili ya dispensa ile imeandikwa wati 500, na nguvu ya koili hupungua kwa mraba wa volti: 192 ukigawanya kwa 240 ni 0.8, mara 0.8 ni 0.64. Kwa hiyo usiku koili ya wati 500 inafanya kazi kama ya wati 320. Si mchezo!

Lakini hapo ndipo watu wengi hukimbilia kununua stabilaiza. Ngoja kwanza. Stima hafifu huchelewesha maji. Mwisho wa safari ni uleule. Chombo kikiachwa bila kuchotwa kitafika tu. Ukitaka kujua, tazama taa. Ikiwaka nyekundu bila kuzima na maji ni vuguvugu, koili imechoka au stima ni ndogo. Ikizima huku maji yakiwa vuguvugu, basi mashine inaamini imemaliza kazi. Ni kama programu inayoandika "tayari" na faili halipo.

Ya dada ilikuwa inazima. Niliipima mchana kwa saa ya simu: tangi la ndani ni lita moja na nusu, maji yanaanza nyuzi 28. Kufika 85 kwa stima ile ya mchana kunahitaji zaidi kidogo ya dakika 12. Taa ilizima baada ya saba na kidogo. Fanya hesabu kinyumenyume unapata nyuzi 62, sawasawa na kipima joto. Koili basi ni nzima, na sijagusa skrubu hata moja.

Nikang'oa plagi, nikaacha ipoe, nikamwaga maji kwa kizibo cha nyuma, nikafungua kifuniko. Kwenye ubavu wa tangi kuna thamostati mbili, kila moja kama kifungo cha shati. Ndani ya kila moja kuna kisahani cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Zinatanuka kwa viwango tofauti, joto likifika kisahani kinageuka "tak!" na kukata stima. Moja hujirudisha yenyewe. Nyingine ni ya usalama, ikikata lazima uibonyeze kwa kidole. Ile ya kujirudisha ilikuwa na nyaya zilizofungwa tepu mpya, na juu yake imeandikwa KSD301, kisha 65.

Sitini na tano! Nikauliza, nikaambiwa ndiyo, mwaka jana kuna fundi aliitengeneza. Aliweka aliyokuwa nayo. Ya 65 na ya 85 ni mapacha, tofauti ni tarakimu mbili ndogo zinazotaka miwani.

Jirani akashauri tupige dairekti, yaani tuunganishe nyaya bila thamostati. Tafadhali usifanye hivyo. Tangi likikauka koili haitajua, na plastiki imeizunguka kila upande.

Kesho yake nikavuka feri ya Likoni, nikanunua ya 85 Mombasa, chini ya shilingi mia tatu. Kabla ya kufunga nikaosha tangi kwa maji ya ndimu, maana lilikuwa limejaa maganda meupe ya chokaa. Chupa wanaijaza maji ya kisima, na pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Halafu nikajaza maji mpaka mfereji mwekundu ukatiririka, ndipo nikawasha. Mchana kikombe kilitoka 83. Usiku, kwa volti 192, ilichukua karibu dakika 19, lakini ilifika 83 vilevile.

Kwa mtoto, hata hivyo, nimewaambia waendelee na sufuria. Nyuzi 83 si kuchemka, na maji yale ni ya kisima. Yachemke kabisa jikoni, unga ukorogwe kabla nusu saa haijapita, kisha chupa ipozwe kwenye bakuli la maji baridi. Nyanya mtu akanitazama. "Sasa hiki tulikitengeneza cha nini?"

Cha chai, mama. Na kifriji chake kinagandisha vizuri sana.