Kibao Nyuma ya Mlango

Nimeandika vibao hapa Masasi miaka mingi kabla sijatembea ndani ya kazi yangu mwenyewe. Herufi zangu zilinyooka kama za mashine, nami nilijisifu. Kituo kimoja cha afya nilikiandikia milango yote: MAABARA, DAWA, SINDANO, MACHO. Kazi niliifanya Jumapili, milango imefungwa.

Kisha bibi yangu akateremka kutoka Newala, macho yanamsumbua. Nikampeleka palepale, siku ya kazi. Milango yote ilikuwa wazi, imesukumwa hadi nyuma, na kila neno langu lilikuwa linatazama ukuta. Nilisimama koridoni kama mgeni. Kibao kimoja tu kilionekana, juu ya baraza.

"Mume wangu, pale pameandikwaje?"

"Wagonjwa wa nje, bibi."

Akatandika khanga yake chini ya mwembe, akakaa. "Si umesema wa nje?"

Nilicheka, halafu aibu ikanishika. Bibi hajui kusoma, lakini kwenye kura hakupotea. Tangu uchaguzi wa 1965, enzi za chama kimoja, mgombea mmoja alipewa jembe na mwenzake nyumba, na kijiji kizima kilijua pa kuweka alama. Hata jijini Mexico, treni ya chini ya ardhi ilipoanza mwaka 1969, vituo vilipewa picha, kila kimoja yake, kwa kuwafikiria na wasiosoma. Mimi nilikuwa nauza herufi.

Siku hizi sishiki brashi kabla ya kutembea. Naenda siku ya kliniki, watu wamejaa, pamoja na mtu asiyewahi kufika hapo. Tunaanzia getini, kwenye bodaboda. Namwambia tu: tafuta dirisha la dawa. Simsaidii, na hilo ndilo gumu, maana mdomo unawasha. Kila anaposita au kuuliza, napiga chaki sakafuni. Kibao kinakwenda penye chaki, kimetokeza kutoka ukutani ili anayekuja akione kwa mbali. Picha kwanza, neno chini yake. Mistari ya rangi sakafuni nayo inasaidia, mpaka matope ya mvua yaifunike.

Kile kituo nilikirudia bila kudai ufundi, wakanipa rangi tu. Chumba cha macho nikakichorea jicho kubwa. Bibi alipokuja mara ya pili, alilifuata moja kwa moja, akasimama chini yake, akalikagua.

"Lina makengeza," akasema.

Ni kweli. Nimeshalirekebisha mara mbili.