Mke wa Askari Aitwapo Usaili wa Kazi ya Kuuza

Mke wa askari akaaye katika nchi ya Chifu Puta, upande wa kaskazini wa ufuko wa Ziwa Mweru, hakujifunza biashara darasani. Dagaa wa huko, waitwao chisense, huanikwa mchangani, hupimwa kwa kopo na kuuzwa kwa wachuuzi wanaowapeleka hadi miji ya Ukanda wa Shaba. Lakini kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Miezi hiyo nyumba nzima huutazama mshahara wa mume peke yake. Si ajabu, basi, mama huyo aombe kazi ya kuuza dukani huko Nchelenge.

Aitwapo kwenye usaili, asidhani kwamba utapimwa wepesi wa ulimi tu. Aghalabu msaili huchukua kitu kilichopo mezani, kalamu au mche wa sabuni, akamwambia mwombaji akiuze. Asiyejua huanza kukisifu bila kupumua. Aliyeuza chisense ajua kwamba mnunuzi huulizwa kwanza: wataka wa kula nyumbani au wa kusafirisha? Akiisha kujibu, ndipo kopo hushikwa. Na kalamu ni vivyo hivyo: mwombaji amwulize msaili huandika nini, na mara ngapi kwa siku, kisha amweleze jinsi kalamu ile itakavyomfaa.

Ataulizwa pia juu ya uzoefu. Hapo wengi hujiponza kwa kujibu kwamba hawana, wakidhani uchuuzi wa ufukoni si kazi. Yafaa aeleze kwa hesabu: alinunua kwa kiasi gani, aliuza kwa kiasi gani, na madeni aliyakusanyaje pasipo ugomvi. Wala asizisahau lugha zake. Ng'ambo ya Puta ipo Pweto ya Kongo, na tangu mwaka 2018 wakimbizi kutoka Kongo wamepewa makazi Mantapala, wilayani Nchelenge. Muuzaji asemaye Kibemba na Kiswahili huongeza wateja.

Swali lililo zito kwa jamaa za askari huja mwishoni: mume akihamishwa, duka litabaki na nani? Kishawishi cha kusema uongo ni kikubwa, maana ukweli waweza kumkosesha kazi. Hata hivyo uongo huo haufichiki. Siku barua ya uhamisho itakapofika, tajiri atajiona amedanganywa, na mke wa askari mwingine atakayeomba kazi baadaye ndiye atakayelipa. Heri akiri kwamba uhamisho waweza kuja, kisha aonyeshe atakavyojilinda nao: daftari la wateja, la madeni na la mali iliyobaki, ambalo mwenzake ataweza kulipokea siku moja na kuendelea na kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tajiri alijua hilo kabla ya msaili kufungua kinywa.

Naye mwombaji ana haki ya kuuliza. Je, kuna mshahara wa kila mwezi, au kamisheni tupu? Mali ikipotea, nani hulipa? Kipindi cha majaribio ni cha muda gani? Sheria ya Ajira ya Zambia ya mwaka 2019 yasema kisizidi miezi 3, ingawa huweza kuongezwa. Akidaiwa fedha ili apewe kazi, aage kwa adabu na kuondoka.

Majibu hayo na ayapeleke nyumbani, yakahesabiwe na mume kabla ya kutia sahihi. Kamisheni tupu katika miezi ambayo ziwa limefungwa, wateja nao wakiwa hawana kitu, huenda isitoshe hata nauli ya kurudi Puta.