Nasaha kwa Mpiga Picha Mchanga

Binti yetu alipotuletea picha aliyoipiga Fort Jesus katika ziara yake ya kwanza Mombasa, alizitazama nyuso zetu kuliko alivyoitazama picha yenyewe. Tukatambua kuwa neno letu la kwanza lingeweza kumtia hamu au kumkatisha tamaa.

Tulianza na jema: rangi ya kuta za matumbawe ilitoka vizuri. Kisha tukamtajia kasoro mbili tu. Mstari wa bahari ulikuwa umeinama; na jua la adhuhuri lilikuwa limefuta vivuli, hata ngome hiyo iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 ikaonekana bapa kama karatasi. Tukamshauri aende tena baada ya alasiri, jua linapoteremka, na amsimamishe nduguye kando ya ukuta ili kimo chake kidhihirike.

Wazazi wenzetu, asemaye “mbaya” hakufundisha kitu. Asemaye “sogea hatua tatu kushoto” amefundisha. Tuikosoe kazi, tusimkosoe mtoto. Na tufanye hivyo faraghani, si mbele ya wageni. Nasaha ikifuatana na dharau, husikika dharau peke yake.