Zamu, Kesha na Lepe la Usingizi

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba tulipekue neno moja dogo: zamu. Katika miaka yangu ya ualimu nililisikia kila juma. Kulikuwa na mwalimu wa zamu, kiranja wa zamu, na zamu ya kufagia bwalo. Ndani ya neno hilo mna haki. Anayeshika zamu leo ana hakika kwamba kesho itashikwa na mwenzake, naye atapumzika. Zamu ni mzigo unaopokezanwa, na ndiyo maana wazee wetu hawakuuogopa.

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, neno hilo linazidi kusikika kwa sura nyingine. Vijana husema shifti, au husema kwa kifupi, "Wiki hii naingia usiku." Ukanda huu haulali. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulifanya kazi tangu 2009 hadi 2021. Mtambo wa kusaga mawe hauzimwi jioni ukawashwa asubuhi, kwa kuwa kila saa ya kusimama ni hasara. Chini ya ardhi hakuna mchana wala usiku. Kuna taa tu. Hata viwanda vya kuchambua pamba, msimu ukikolea, hunguruma hadi majogoo. Mashine haina kope. Mwenye kope ni yule anayeiendesha.

Sasa tuitazame saa yetu. Kiswahili kimeigawa siku katika pande mbili za saa kumi na mbili, moja ikihesabiwa tangu kucha na nyingine tangu kuchwa. Saa hii imefuata jua la ikweta, ambalo mwaka mzima hukaribia kugawa siku nusu kwa nusu. Ndiyo maana tunasema usiku kucha, yaani usiku hadi kunakucha, na mchana kutwa, yaani mchana hadi jua linatua. Katika misemo hiyo miwili, giza lina mwisho wake na nuru ina mwisho wake. Ajabu ni kwamba zamu nyingi za migodini nazo ni za saa kumi na mbili. Mgodi umeichukua saa yetu ya Kiswahili ukaipasua katikati, ukampa huyu nusu ya nuru na yule nusu ya giza, kisha baada ya siku kadhaa ukawabadilishia.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani huendesha gari kubwa la kubeba mawe katika mgodi mmoja wa ukanda huu. Ana mke na binti wa miaka minne, nao wamepanga vyumba viwili vilivyoezekwa kwa mabati. Nilipomtembelea mwaka jana ilikuwa saa nne asubuhi, naye alikuwa ametoka kazini alfajiri. Mkewe alinipokea kwa kunong'ona, "Shikamoo, Mwalimu. Karibu. Baba yupo, amelala." Nikataka kurudi, lakini sauti ikatoka chumbani: "Mwalimu, usiondoke. Mimi silali, najilaza tu."

Wenzangu, nimefundisha sarufi miaka mingi, na kauli hiyo ilinigusa kuliko mfano wowote nilioandika ubaoni. Kulala na kujilaza hutoka katika shina moja, lakini kati yake pana umbali wa usingizi mzima. Kulala hukujia wenyewe. Kujilaza ni kuulazimisha mwili kutenda jambo ambalo haujakubali. Kijana yule alinieleza kwamba ifikapo saa tano bati huwa kama kikaango, bodaboda zinapita, na karasha la jirani linasaga mawe ya wachimbaji wadogo. Akipata saa nne za mang'amung'amu, nusu macho nusu usingizini, hushukuru. Usingizi wa pono, ule tunaowasimulia watoto, anaukumbuka kama mtu anavyokumbuka kijiji alichohama.

Kisha akaniambia jambo lililonifanya niandike makala haya. Binti yake, alipoulizwa na shangazi yake baba anafanya kazi gani, alijibu, "Baba kazi yake ni kulala." Watu wazima walicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Mwalimu, mtoto ananijua kama mlango uliofungwa." Siku nzima mtoto huambiwa anyamaze, asicheze, asiimbe, na jioni mlango unapofunguliwa baba anavaa buti na kuondoka. Mwenye nyumba analipwa kodi na duka linalipwa deni, lakini mtoto na baba wanaishi katika siku mbili tofauti chini ya bati moja.

Wataalamu wa mwili wanaeleza kwa nini kujilaza hakutoshi. Ndani ya ubongo mna saa inayorekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, mwili hutoa kemikali iitwayo melatonini, inayouandaa kulala. Kuelekea alfajiri joto la mwili hushuka, na umakini hushuka nalo. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Mfanyakazi akibadilishiwa zamu kila baada ya siku chache, saa hiyo huwa haijamaliza kugeuka kabla ya kuamriwa igeuke tena. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa linalotafiti saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo yamkini husababisha ugonjwa huo, na mwaka 2019 likaurudia uamuzi huo. Kabla ya saratani, hata hivyo, kuna usukani. Kuna kusinzia kwa sekunde chache huku macho yamefumbuliwa, na gari lililobeba mlima wa mawe halimsubiri dereva aamke.

Sheria nayo ina fasili yake ya usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema usiku ni baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba kila saa iliyofanyiwa kazi humo iongezewe walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Inataka pia mapumziko ya saa kumi na mbili mfululizo kati ya siku moja ya kazi na inayofuata. Ni jambo jema. Lakini saa hizo kumi na mbili zinahesabu kutokuwapo kazini. Hazihesabu bati, karasha, wala safari ya kwenda na kurudi.

Ndipo ninapowageukia ninyi watunzi. Lugha yetu ina hazina ya kukesha: mkesha wa arusi, mkesha wa ibada, kesha la msiba, kumkesha mgonjwa. Makesha hayo yote yana jamaa, yana sababu ya moyo, na yana asubuhi inayokuja na pole au hongera. Lakini anayekesha kwa ajili ya ujira hatujamtungia salamu. Nani kati yetu ajuaye la kumwambia anayerudi nyumbani saa moja asubuhi? Ukimwuliza "Umeamkaje?" ni kama kumkejeli. Wasukuma wenzangu wataitika "Mwangaluka!" kwa kuwa kumekucha, kwake yeye ndiyo kwanza kunakuchwa. Watu wa pwani wana kailula, lepe la adhuhuri, lakini hilo ni usingizi wa hiari wa aliyekwisha kulala usiku.

Lugha isipompa mtu salamu, jirani hukosa la kumwambia, na asiyeambiwa neno hachukui muda kusahaulika. Nyumba inayojua kumwambia baba "pole na kesha" saa moja asubuhi itajua pia kwa nini radio ishushwe saa tano. Nami nimejaribu ubeti mmoja, wa mizani kumi na sita, kwa niaba yake:

*Atokapo mgodini, nguo zanukia kazi,*
*Jua lipo dirishani, linapenya kama mwizi,*
*Jogoo yuko uani, awika bila ajizi,*
*Umekwama njia gani, nakuita, usingizi.*

Ubeti huu ni mwanzo tu. Naomba majibu: kwanza kwa beti, kisha kwa maneno. Kwenu mnamwitaje atokaye zamu ya usiku, na mnamsalimuje? Mwenye neno alilete hapa, tulipime, na likifaa tulitumie. Kijana wangu anaingia usiku tena Jumatatu.