Baba yake bibi hakuwa kahawia

Najua nimepotea wiki tatu, na wengine mmeshaanza kusema nimezama kwenye madesa. Wala. Nilikuwa napaka rangi mtu mwenye urefu wa sentimita 5. Chekeni tu, mwenzangu wa chumbani naye alicheka mpaka akakaa chini.

Ilikuwa hivi. Binamu yangu aliyeko Uingereza alinitumia boksi la askari wa plastiki wa Vita Kuu ya Pili, wa kipimo cha 1:35. Unawaunganisha mwenyewe kwa gundi, halafu unawapaka rangi. Mmoja wao alikuwa na ile kofia pana iliyokunjwa upande mmoja. Kofia hiyo naijua, iko kwenye picha ya baba yake bibi, ukutani kule Iringa. Mzee alikuwa KAR, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopigana bonde la Kabaw mwaka 1944 na kuvuka mto Chindwin Desemba mwaka huo huo. Nikasema basi, huyu ndiye yeye.

Shida ikaanza kwenye karatasi ya maelekezo. Rangi ya "ngozi" ilikuwa moja tu, nayo ni ya waridi! Mnakumbuka ile penseli ya rangi ya shule ya msingi? Ndiyo hiyo hiyo. Nikaitupa karatasi. Bumu lilikuwa limebaki kiduchu, nikanunua tyubu tatu za akriliki: kahawia, nyeusi na nyeupe. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kahawia mwili mzima, nyeusi kwenye vivuli, nyeupe kidogo panapopigwa na jua. Nikajiona fundi.

Likizo fupi ilipofika nikamfunga kwenye kisanduku cha sabuni na pamba, nikapanda basi. Bibi alivaa miwani, akamgeuza geuza.

"Mbona kapauka hivi? Baba yangu alikuwa hatoki nje hajapaka mafuta."

Nikaishiwa maneno. Kumbe ni kweli, nyeupe ukiichanganya na kahawia inaleta ujivujivu, kama mtu aliyeoga akasahau mafuta. Bibi hakuishia hapo.

"Halafu baba hakuwa mweusi hivi. Alikuwa maji ya kunde. Mimi ndiye niliyemfuata." Akaweka mkono wake mezani. "Si huu hapa, utazame."

Jamani, hapo ndipo iliponiingia. Picha ile ni nyeusi na nyeupe, haisemi kitu. Ndugu zake bibi wote wametangulia. Yule Askari wa pale Posta, aliyesimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita ya kwanza, ni wa shaba kuanzia kichwa mpaka viatu, hakuna anayemuuliza rangi yake. Rangi ya mzee huyu imebaki sehemu moja tu duniani, kwenye kumbukumbu ya bibi na mkono wake. Na mimi nilitaka kumaliza kazi kwa tyubu ya kahawia.

Nikaenda mjini kutafuta tyubu nyingine nne: nyekundu, bluu, chungwa na ile njano ya udongo. Tukakaa kibarazani siku mbili. Ukiutazama mkono wa mtu kwa makini utashangaa. Juu ni tofauti na ndani, vifundo vya vidole vimekolea, kiganja ni rangi nyingine kabisa. Na chini ya ule weusi kuna wekundu, kwa sababu melanini iko kwenye tabaka la juu la ngozi na damu inapita chini yake. Kwa hiyo nikachanganya kahawia, nyekundu na njano ya udongo. Kwenye vivuli nikaongeza bluu kidogo, nyeusi nikaiacha kabisa. Panapong'aa nikaweka chungwa na njano, nyeupe marufuku. Rangi nikaizimua kwa maji mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, nikapaka tabaka nne, kila moja ikikauka kwanza. Hata jicho halikupakwa nyeupe tupu, maana anaonekana kama kaona jini.

Kuna kitu kilinisumbua. Rangi niliyoilinganisha na mkono wa bibi hadi ikafanana, kwenye sanamu ilionekana nzito mno. Kumbe watu wa kazi hii wanalijua hilo: kitu kidogo huonekana kimekolea kuliko kikubwa chenye rangi ile ile. Nikaipunguza kidogo. Mwisho nikagusa vanishi yenye mng'ao hafifu kwenye paji la uso na mashavu. Hayo ndiyo mafuta yake.

Bibi akamshika tena. Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikaogopa. Halafu akasema, "Sasa rangi ni yake." Akatulia. "Ila pua hii kaitoa wapi?"

Tukacheka wote. Ni kweli, plastiki ile ilichongwa kwa sura ya Mwingereza, na rangi haibadilishi pua. Nikamwahidi nitaikata kwa wembe na kuiumba upya. Nilitaka kurudi naye chuo, bibi akakataa, akasema nitamkuta hapo hapo kabatini, chini ya picha yake.

Haya wadau, nakimbia, kesho kuna test saa mbili na sijagusa kitu. Nanyi mlio na wazee nyumbani, waulizeni mapema.