Muheza, Mahali Palipopimwa Dripu ya Mtoto

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kwenda Tanga, bila shaka Muheza unaifahamu kwa machungwa yake. Basi husimama, wachuuzi huyaelekea madirisha, na kabla gari halijang'oka abiria wamekwisha anza kumenya. Wengi wetu hatuijui Muheza zaidi ya hapo. Leo nakuomba ushuke katika basi hilo kwa muda, tupite pamoja mji huu mdogo, kwa sababu pana jambo lililofanyika hapa ambalo kila mwenye mtoto mdogo nyumbani yafaa alijue.

Kutoka Tanga mjini hadi Muheza ni mwendo usiofika kilomita 40. Njia inapita Pongwe, kati ya minazi, michungwa na mashamba ya mkonge, na kadiri unavyokwenda ndivyo milima ya Usambara ya Mashariki inavyoinuka mbele yako, rangi ya buluu asubuhi na ya kijani jua likipanda. Hii ndiyo nchi ya Bonde, kwao Wabondei. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1896. Juu milimani, mahali paitwapo Amani, Wajerumani hao hao walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Na baadaye, wakati wa Waingereza, Amani pakawa na taasisi ya kuchunguza malaria. Kwa hiyo watu wa Muheza hawakuanza jana kuona wageni wenye vichupa na madaftari.

Katika mji huu ipo Hospitali Teule. Jina hilo lina maana yake. Ni hospitali ya Kanisa la Anglikana ambayo Serikali iliiteua iwe hospitali ya wilaya, ili wananchi wote watibiwe hapo bila kujali dini wala kabila. Ukitaka kujua uzito wa kazi ya hospitali kama hii, usitazame majengo. Fikiria msimu wa mvua katika nchi ya Bonde katika miaka ya 2000, mbu wakiwa wengi, na akina mama wakitoka vijijini, wengine kwa miguu, wengine nyuma ya baiskeli, kila mmoja amebeba mtoto mwenye homa. Mwingine mwili unamchemka lakini mikono na miguu ni ya baridi. Mwingine anahema haraka kama aliyekimbia. Mwingine ameitwa jina lake mara tatu na haitiki.

Wapi pa kuanzia? Hilo ndilo swali la kila siku katika wodi ya watoto, na utafiti ninaotaka kukueleza ulizaliwa kutokana na swali hilo.

IMANI YETU JUU YA DRIPU

Sisi watu wa mjini tunaipenda dripu. Mtoto akilazwa, jamaa wanaokuja kumtazama huuliza kwanza, "Amewekewa maji?" Wakijibiwa ndiyo, nyuso hukunjuka. Wakijibiwa bado, minong'ono huanza kwamba wauguzi hawajali, au kwamba dawa zimefichwa. Tumezoea kuhesabu matibabu kwa chupa inayoning'inia.

Usidhani kwamba imani hiyo ilikuwa yetu peke yetu. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi tajiri walifundishwa kwamba mtoto ambaye homa kali imemdhoofisha hata damu yake haizunguki vizuri, mikono yake ikawa ya baridi na mshipa wake ukapiga kwa unyonge, apewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Jambo hilo lilionekana wazi kiasi kwamba halikuhitaji kuulizwa. Lakini katika hospitali zetu, ambazo nyingi hazikuwa na mashine za kumpumulia mtoto, wapo waganga waliosita. Kuna waliosema maji hayo yangeokoa maisha mengi Afrika, na kuna waliohofia kwamba yangeweza kudhuru. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kutosha.

Ndipo mwaka 2009 ulipoanza utafiti mkubwa katika hospitali sita za Afrika Mashariki. Nne zilikuwa Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Moja ilikuwa Kilifi, pwani ya Kenya. Na ya sita ilikuwa Hospitali Teule ya Muheza. Kiongozi wa kazi yote alikuwa Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, akishirikiana na madaktari wa Kenya, Uganda na Tanzania.

Walioingizwa walikuwa watoto wenye homa kali ambao damu yao ilionyesha dalili za kutozunguka vizuri, na ambao pia walihema kwa shida au fahamu zao zilipungua. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza walipewa maji yenye albumini kwa haraka. La pili walipewa maji ya chumvi kwa haraka. La tatu hawakupewa maji ya haraka hata kidogo. Watoto wote, katika makundi yote matatu, walipata dawa za malaria na za vijidudu, hewa ya oksijeni, damu kwa aliyehitaji, na maji ya kawaida ya polepole. Kabla ya kuanza, wauguzi na waganga walifundishwa upya namna ya kumtambua mtoto aliye hatarini, na wodi zikapatiwa vifaa vya lazima.

MATOKEO YALIYOWASHANGAZA WENGI

Mpango ulikuwa kuwaingiza watoto 3,600. Hawakufika. Mwezi wa Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikikagua hesabu za utafiti ilishauri uandikishaji usimamishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo, na naomba uyasome polepole.

Watoto waliohesabiwa walikuwa 3,141. Katika saa 48 za kwanza, kati ya watoto 1,050 waliopewa albumini kwa haraka walikufa 111. Kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi kwa haraka walikufa 110. Na kati ya 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka walikufa 76. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 waliopewa maji hayo, walikufa watatu zaidi.

Tiba iliyoaminika kuwa mwokozi ilikuwa ikidhuru. Wala hapakuwa na mzembe aliyekosea kipimo, wala dawa iliyoharibika ghalani. Kila mtu alifanya kama vitabu vilivyosema. Wengi walidhani kwamba maji yalijaa mapafuni au kichwani. Lakini uchunguzi zaidi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vile vya ziada vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa, jambo ambalo halikutegemewa.

Utauliza, msomaji, je, ilikuwa haki kuwafanyia watoto wetu utafiti wa namna hiyo? Swali hilo ni la haki, na waliouliza si wachache. Nami najibu hivi: watoto walikuwa wakipewa maji hayo, au wakinyimwa, kwa kufuata mazoea ya kila daktari, bila mtu kuhesabu nani amepona na nani amekufa. Asiyehesabu hawezi kujua kwamba anadhuru. Waliohesabu waliona, wakasimama. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya, ukisema kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za damu kutozunguka vizuri asipewe maji ya haraka, na mwenye dalili zote apewe kwa kiasi na kwa uangalifu.

Kulikuwa na fundisho jingine ndani ya hesabu zile, nalo halikusemwa sana. Watafiti walikuwa wamekisia kwamba hata bila maji ya haraka, watoto 11 katika kila 100 wangekufa. Waliokufa walikuwa pungufu, kiasi cha saba. Katika wodi zile mtoto alitambuliwa mapema, akapewa dawa bila kungoja, akawekewa oksijeni, na muuguzi akarudi kumtazama tena na tena. Mambo hayo hayaning'inii juu ya kitanda yakaonekana na wageni, lakini si madogo.

Habari kama hiyo ilikwisha toka Malawi pia. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, waliacha utaratibu wa kuwahudumia watoto kwa kufuata aliyetangulia kufika. Kila mtoto alitazamwa mara anapoingia mlangoni, na aliye hatarini akapitishwa mbele. Taarifa yao ya mwaka 2006 ilieleza kwamba vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya 10 na 18 katika kila 100, vilishuka hadi kati ya 6 na 8. Jengo halikuwa jipya lote, wala dawa haikuwa ya ajabu. Kilichobadilika ni foleni.

Na Muheza yenyewe ilikuwa imeshiriki katika utafiti mwingine. Kati ya 2005 na 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika walitibiwa, wengine kwa kwinini ya zamani, wengine kwa sindano ya atesuneti. Kwa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100. Kwa atesuneti 8.5. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake mwaka 2011. Mtoto anayechomwa sindano ya atesuneti leo, awe Temeke, Kisumu au Bujumbura, ananufaika na watoto wa Bonde.

YATUPASAYO SISI WAZAZI

Basi, ndugu msomaji, tuchukue nini kutoka Muheza zaidi ya machungwa?

Kwanza, tusimlazimishe muuguzi kuweka dripu ili roho zetu zitulie. Tumwulize mtoto anaugua nini na anapewa nini. Lakini usinielewe vibaya: mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha hakuwa katika utafiti huu, wala mwenye utapiamlo mkali. Anayeharisha anahitaji maji, kwa kinywa au kwa mshipa, kama mganga atakavyoona. Kila ugonjwa una njia yake.

Pili, tujifunze dalili za hatari. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeitika, na anayehema kwa shida, huyo hana foleni. Ukiwa naye usikae kimya kwa adabu nyuma ya watu 30. Nenda mbele, umwambie muuguzi unachokiona. Nawe uliye mbele, mwenzako akipita na mtoto wa namna hiyo, usimgombeze.

Tatu, tuwadai viongozi wa hospitali zetu hesabu. Ni watoto wangapi walilazwa mwezi huu, wangapi walikufa, na ni nini kilichobadilishwa baada ya hapo?

Wazazi wa Bonde walikubali watoto wao wahesabiwe katika saa mbaya kuliko zote za maisha yao. Baadhi yao walirudi nyumbani mikono mitupu. Majina yao hayamo katika kitabu chochote cha udaktari, lakini waganga wa dunia nzima hawana budi kuitumia elimu waliyoitoa. Siku basi lako litakaposimama tena Muheza, nunua machungwa, usipunje bei.