Nusu Yao, Nusu Yetu

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi Mombasa, kuwachorea watoto wa nchi nyingine kulikuwa na maana moja tu: mashindano. Mwalimu alitusomea tangazo, tukagawiwa karatasi za manila, na picha zilizopendeza zikatiwa kwenye bahasha kubwa na kupelekwa posta. Shindano walilolitaja sana walimu wetu lilikuwa la Shankar, mchora katuni wa India aliyelianzisha mwaka 1949 na mwaka uliofuata akawafungulia mlango watoto wa mataifa mengine. Lilikuwa jambo kubwa, na hadi leo naliheshimu, kwa sababu liliwaambia watoto kwamba picha zao zina uzito mbele ya watu wazima. Lakini kila mtoto alichora peke yake, akiyawazia macho ya jaji. Ndiyo maana tulichora simba. Watoto tuliokulia kwenye vivuko na madau, ambao simba tulimjua kwa picha tu, tulimchora yeye na Mlima Kenya, tukiamini kwamba ndivyo wageni wanavyotaka kutuona.

Miaka ya 1990 nilirudi darasani nikiwa mwalimu wa sanaa na ufundi. Wakati ule somo hilo lilikuwa na mtihani wake katika KCPE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya msingi, na mzazi aliona sababu ya kumnunulia mwanawe rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaacha kutahiniwa. Kwenye ratiba lilibaki, ila vipindi vyake vilimezwa na hesabu na Kiingereza, na brashi zikakauka kabatini.

Kumbe kwingineko wazo jipya lilikuwa limeshaota. Mwaka 1995, miaka 50 baada ya kumalizika kwa Vita Vikuu vya Pili, Wajapani walianzisha mradi wa Kids' Guernica, ambapo watoto huchora pamoja picha ya amani kwenye turubai yenye ukubwa wa Guernica ya Picasso, yaani karibu mita 3.5 kwa 7.8. Mwaka 1997 Joanne Tawfilis, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi Bosnia, alianzisha pamoja na mumewe mradi wa Art Miles. Turubai zao zilikuwa za futi 12 kwa 5; ukiziunga 440, unapata maili moja ya picha. Japani waliupokea mpango huo na kuutilia sharti moja lililogeuza mambo: shule mbili za nchi mbili, turubai moja. Wanafunzi wa Japani wanachora nusu, wanaiviringisha na kuituma. Wenzao wanamalizia nusu iliyobaki na kuirudisha.

Shule yetu ilipoingia kwenye mpango huo, tuliunganishwa na shule moja ya mkoa wa Hyogo. Kabla ya rangi kuguswa, watoto waliandikiana kwa miezi kadhaa. Maswali ya wenzetu niliyachapisha saiba siku ya Jumamosi, na Jumatatu darasa zima likanizunguka. Mnakula nini asubuhi? Mnafikaje shuleni? Wakajibu: mahamri na mbaazi, kwa miguu, kwa matatu, kwa feri ya Likoni. Hakuna aliyeulizwa habari za simba, na simba hakuonekana tena kwenye michoro yao ya majaribio.

Turubai ilifika mwanzoni mwa mwaka 2011, imo ndani ya bomba la karatasi ngumu. Mada ilikuwa maji. Tuliitandaza sakafuni: milima yenye theluji, mashua za wavuvi, na bahari ya buluu nzito iliyofika katikati ikakoma. Wavulana walitaka kuanza papo hapo na feri. Msichana mmoja wa Likoni akawazuia.

“Mwalimu, bahari yao ni nzito, yetu ina kijani. Tukizigusanisha hivi hivi, hapa katikati patakuwa ukuta.”

Wakaacha kila kitu, wakapiga magoti kwenye mpaka ule. Walichanganya rangi kwenye vifuniko vya ndoo: buluu kama ya wenzao, kisha tone la kijani, kisha jingine, na mwisho udongo kidogo, kwa sababu maji ya kivukoni huchafuka. Kila tone walilijaribu kwanza pembeni mwa gazeti. Jioni ilipoingia walikuwa wamepaka upana wa viganja viwili hivi, na huoni bahari moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Feri ilikuja baadaye, imejaa mikokoteni, baiskeli na wanawake wa buibui. Katikati ya abiria wakampandisha mtoto mwenye kofia ya njano, kama walizoziona kwenye picha za wanafunzi wadogo wa Japani.

Tarehe 11 Machi mwaka huohuo tsunami ikapiga kaskazini mashariki mwa Japani. Hyogo ni mbali na huko, na wenzetu walikuwa salama. Lakini Jumatatu asubuhi watoto walinisubiri mlangoni, wakitaka kujua habari zao. Nchi iliyokuwa rangi kwenye ramani ilikuwa sasa na watu wanaowajua.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, tulijaribu kuendelea kwa simu za wazazi. Kila mtoto alichora nyumbani, picha zikaunganishwa kwenye skrini, na kazi ikakamilika haraka. Ilituunganisha wakati mgumu, nami naishukuru. Ila hakuna aliyelazimika kuitafuta rangi ya mwenzake.

Leo, chini ya mtaala mpya, sanaa imepata tena nafasi yake na tathmini yake. Nimefurahi, maana brashi zimelowa tena. Hofu yangu ni kwamba alama zikirudi, jaji naye atarudi, na watoto wataanza upya kuchora kile wanachodhani kinatakiwa. Ndiyo maana nawahimiza walimu wenzangu watafute shule ya pili, iwe Nagoya au Kisumu, na waiache nusu ya turubai wazi. Mtoto anayejua kwamba mwenzake ndiye atakayeimalizia picha huchora akimfikiria huyo mwenzake. Hilo halina alama, na ndilo la kwanza ambalo ningependa kila mtoto alipate kwenye kipindi cha sanaa.